Kopo la Pilau Limeisha: Viungo Gani Vinaweza Kukaa Mahali pa Vingine

Ijumaa asubuhi nyama imeshakatwa, mchele umeshachaguliwa na kurowekwa, na kopo la viungo vya pilau ukilifungua ni tupu. Hapa Amu, mjini Lamu, duka haliko mbali, lakini kuna siku bidhaa zenyewe bado ziko Mokowe zikingoja boti, au basi lililozibeba bado liko njiani kutoka Malindi. Mkono basi huenda kwa kopo lililo kando: bizari ya mchuzi, garam masala, masala ya chai, au ile hawashi ya Kisomali iliyoletwa na mgeni. Zote ni unga, zote zanukia, na nusu ya vilivyomo ni vile vile. Mbona basi mara nyingine chakula hutoka kizuri, na mara nyingine watu hula vitonge viwili wakaomba maji?

Wengi hudhani tatizo ni kile kilichokosekana. Mimi naona ni kinyume chake. Mchanganyiko wa badala huharibu chakula kwa kile kilichomo ndani yake ambacho chakula hakikukihitaji. Ukikosa iliki, utaongeza iliki. Manjano yakishaingia kwenye wali, hakuna wa kuyatoa. Ndiyo maana zile orodha za "ukikosa hiki tia kile" huwadanganya wapishi: huhesabu vinavyofanana kati ya makopo mawili, wakati cha kutazama kwanza ni visivyofanana.

Tuanze na pilau yenyewe. Pilau ya pwani yetu imesimama juu ya bizari nyembamba, ambayo maduka mengi huiuza kwa jina la jira. Nyuma yake huja pilipili manga, kisha mdalasini, iliki na karafuu. Kwa kilo moja ya mchele mimi hutia vijiko viwili vya chakula vya bizari nyembamba, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga, vijiti viwili vya mdalasini vya urefu wa kidole, iliki kumi hivi na karafuu zisizozidi nane. Tazama hesabu hiyo vizuri. Bizari nyembamba peke yake inashinda vingine vyote vikikusanywa pamoja. Hiyo ndiyo harufu inayotoka dirishani na kumfanya mpita njia wa mtaa wa Langoni ajue nyumba gani inapika nini. Na manjano hayamo kabisa. Rangi ya kahawia ya pilau hutoka kwenye kitunguu maji kilichokaangwa mpaka kikageuka rangi barabara, wala haitoki kwenye unga wowote. Ambaye pilau yake hutoka nyeupe asilaumu viungo. Alikitoa kitunguu motoni mapema.

Bizari ya mchuzi ni ukoo mwingine kabisa. Mchanganyiko huu wa kopo ulienezwa na biashara ya Waingereza tangu karne ya 18, walipotaka ladha za mapishi ya India ziingie kwenye chupa moja zipate kuuzwa London. India kwenyewe kila mchuzi hupewa viungo vyake. Ndani ya bizari ya mchuzi wanaotawala ni wawili: mbegu za dania, yaani giligilani, na manjano. Bizari nyembamba imo, lakini imekaa nyuma. Kuna uwatu, kuna tangawizi kavu, kuna pilipili nyekundu, na mara nyingine haradali na shamari. Karafuu, mdalasini na iliki ama hazimo, ama zimetiwa kidogo mno. Ukiilinganisha na viungo vya pilau utaona kwamba walio mbele huku wako nyuma kule, na ndiyo sababu mtu akitia bizari ya mchuzi kwenye pilau hapati pilau dhaifu. Anapata chakula kingine.

Garam masala ya kaskazini ya India iko karibu zaidi na pilau kuliko watu wanavyodhani. Ni mkusanyiko wa viungo vya joto: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, kungumanga au basbasi (utando unaoizunguka kungumanga), majani makavu ya bay, pamoja na bizari nyembamba, na mara nyingi giligilani. Kwa kawaida haina manjano. Pilipili kali huwa hazimo au ni chache. Tofauti yake kubwa na pilau ni mbili: karafuu na mdalasini zina sauti kubwa ndani yake, na wenyewe huinyunyiza mwisho wa mapishi, sufuria ikikaribia kuepuliwa, wakati sisi viungo vya pilau huviingiza mwanzo.

Masala ya chai sina haja ya kuieleza sana. Tangawizi kavu ndiyo mbele, halafu iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na kungumanga. Haina bizari nyembamba wala giligilani.

Hawashi inahitaji maelezo marefu zaidi, hasa kwetu sisi ambao kaunti yetu inapakana na Somalia na ambao jirani au mkwe Msomali si jambo la ajabu. Hawashi ya Kisomali ina bizari nyembamba kwa wingi, giligilani, pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini. Ukisikia hivyo utasema ni pilau tupu. Lakini ina manjano, na ndipo mambo yanapogeuka. Kuna pia hawaiji ya Yemen, inayowafikia wenye jamaa zao Hadhramaut, nayo ni aina mbili zisizokaribiana: ya supu, yenye bizari nyembamba, pilipili manga, manjano na iliki, na ya kahawa, ambayo ni tangawizi, iliki na mdalasini. Ukipewa kifurushi cha hawaiji, uliza kwanza ni ya supu au ya kahawa. Aliyetia ya kahawa kwenye mchuzi wa mbuzi atakula nyama yenye harufu ya andazi.

Sasa turudi kwa wale wasioalikwa, yaani vile vilivyomo kwenye unga ambavyo chakula hakikuvihitaji, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Manjano ni wa kwanza. Rangi yake, ambayo wanakemia huiita kurkumini, haiyeyuki kwenye maji ya kawaida lakini huyeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo ukiyatia kwenye kitunguu kinachokaangwa, mafuta yote huwa ya manjano, na kila punje ya mchele itakayopakwa mafuta hayo itakuwa hivyo hivyo. Kijiko cha chai kimoja kinatosha kubadilisha kilo nzima ya wali. Ladha yake nayo ni ya udongoudongo na uchungu kwa mbali. Kwenye mchuzi wa nazi inapendeza, kwenye pilau inaifunika bizari nyembamba. Kama hujui unga ulio nao una manjano au la, kuna njia rahisi ambayo kila anayefua kanzu nyeupe anaijua bila kuambiwa: doa la mchuzi wa manjano likiguswa na sabuni ya mche hugeuka jekundu. Chukua chembe za ule unga, zikoroge na tone la mafuta kwenye kitambaa cheupe kikuukuu, kisha sugua kwa sabuni yenye maji. Likitokea jekundu, manjano yamo. Doa lenyewe ukilianika juani hufifia, usiogope.

Chumvi ni ya pili, na hii inawatesa zaidi wale wanaonunua pakiti. Viungo vya kusagiwa sokoni karibu na Ngome kwa kawaida havina chumvi. Pakiti za biriani zinazotoka Pakistani na India mara nyingi zina chumvi nyingi pamoja na pilipili nyekundu, kwa sababu zimetengenezwa zimalize kila kitu kwa kiasi fulani cha nyama. Vile vifuko vya kukolezea mchuzi navyo vina chumvi, na vingine vina wanga wa kufanya mchuzi uwe mzito. Ukitia unga wa namna hiyo mahali pa viungo visivyo na chumvi, kijiko kwa kijiko, halafu ukatia na chumvi yako ya kawaida, umeshapoteza sufuria. Wanga nao ukiingia kwenye pilau hunatisha wali, nasi tunataka punje ziachane.

Jinsi ya kujua ni kusoma pakiti. Kanuni za kimataifa za vyakula, zile za Codex, zinataka vilivyomo viandikwe kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Majina matatu ya kwanza yatakuambia karibu kila kitu. Chumvi ikiwa ya kwanza au ya pili, hicho ni kikolezo, si viungo, na usikitumie kubadilisha viungo. Giligilani na manjano zikitangulia, ni bizari ya mchuzi hata kama pakiti imepewa jina la fahari. Ikiandikwa tu "mchanganyiko wa viungo" bila kutaja, basi ramba, nusa, fanya ile ya sabuni.

Uwatu ni wa tatu. Ni mbegu ndogo ya rangi ya dhahabu iliyochakaa, chungu sana, na ikikaangwa kupita kiasi uchungu wake huzidi. Kidogo chake kwenye bizari ya mchuzi ndicho kinachoipa ile harufu ya kopo tunayoijua sote. Kwenye achari ya maembe ni rafiki. Kwenye pilau, biriani au mahamri hauna kazi, na ladha yake hubaki mdomoni baada ya vingine vyote kuondoka.

Pilipili nyekundu ni ya nne na si ya kumaliza maneno. Tui la nazi husaidia kuutuliza ukali wake, kwa kuwa kile kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta na tui lina mafuta ya kutosha. Supu ya maji matupu haina msaada huo, kwa hiyo unga wenye pilipili ambao jana ulistahimilika kwenye mchuzi wa kamba leo utawasha kwenye supu.

Hapo tumeshajua kilichomo. Linabaki swali la lini kinaingia, ambalo naona linapuuzwa kuliko yote.

Harufu za viungo zimo ndani ya mafuta yao wenyewe, na mafuta hayo hupenda kuyeyuka kwenye mafuta mengine kuliko kwenye maji. Kiungo kizima, mathalan kijiti cha mdalasini au punje ya bizari nyembamba, hutoa harufu yake polepole. Kinavumilia moto wa mwanzo na mchemko mrefu. Kilichosagwa kimefunguliwa tayari. Kikiingia kwenye mafuta ya moto hutoa karibu yote mara moja, na kikiachwa hapo bila maji huungua na kuwa kichungu. Basi ukibadilisha viungo vizima kwa unga, usibadilishe kiasi tu, badilisha na wakati. Kitunguu kikishakuwa kahawia, tia thomu (kitunguu saumu) na tangawizi, tia nyanya kidogo au maji vijiko vichache, ndipo utie unga, ukoroge mpaka mafuta yaonekane pembeni. Mapishi ya vizima huruhusu mtu kugeuka kuzungumza na mgeni. Ya unga hayaruhusu.

Kwa kipimo, kijiko cha bizari nyembamba nzima kikisagwa hutoa pungufu kidogo ya kijiko cha unga. Iliki kumi zikimenywa na kusagwa hutoa takriban kijiko kimoja na nusu cha chai. Karafuu ndiyo ya kuogopwa. Ndani yake kuna eujenoli, kitu kile kile kinachofanya mafuta ya karafuu yatulize jino linalouma kwa kulitia ganzi. Karafuu za unga zikizidi kwenye chakula, ulimi hufa ganzi kidogo na hautaonja kingine. Mchanganyiko wowote wenye karafuu nyingi, kama garam masala au masala ya chai, anza na nusu ya kiasi ambacho ungetia cha viungo vya pilau.

Juzi mtoto wa kaka yangu, aliyehamia Nairobi, alinipigia simu akiwa jikoni.

"Shangazi, shikamoo. Sina viungo vya pilau. Nina garam masala, nitie?"

"Marahaba mwanangu. Una bizari nyembamba?"

"Ninayo nzima, kifuko."

"Basi una pilau."

Na kweli anayo. Garam masala sehemu moja kwa bizari nyembamba sehemu mbili, na hata tatu ukiona ile garam masala ina karafuu kali. Bizari nyembamba nzima itangulie kwenye mafuta mpaka ianze kunukia, halafu endelea na thomu, tangawizi na nyama kama kawaida. Garam masala iingie baada ya nyama kutoa maji yake, si mwisho kama Wahindi wanavyoinyunyiza, maana inatakiwa ikae ndani ya supu itakayopikia mchele. Ukiwa na pilipili manga za kuponda, tia chache. Ile giligilani iliyomo ndani ya garam masala italeta utamu kwa mbali ambao pilau yetu haina, lakini ukishaipalia makaa juu ya mfuniko na wali ukakauka, ni mwenye ulimi mwepesi tu atakayeuliza.

Kwa hawashi mambo ni magumu kidogo. Ladha iko karibu sana, rangi ndiyo hailingani. Nina maoni yangu hapa na sitayaficha: usijaribu kuificha ile rangi kwa kuzidisha kitunguu, wala usimwambie mgeni kuwa ni pilau ya Amu. Pika wali wa nyama wa hawashi, utie zabibu na viazi kama Wasomali wanavyopenda, ukae kwa jina lake. Ni chakula kizuri kwa haki yake. Kinachokera ni pilau ya manjano inayojitetea.

Bizari ya mchuzi mahali pa viungo vya pilau, hapana. Hata ukiongeza bizari nyembamba maradufu, manjano na uwatu vimeshaingia. Kama ndicho kitu pekee kilichopo nyumbani, pika wali mweupe au wa nazi na uifanye nyama kuwa mchuzi. Mlo utakuwa mzuri na hakuna atakayehisi amepunjwa.

Upande wa pili wa sarafu hiyo, yaani viungo vya pilau kwenye mchuzi wa nazi au samaki wa kupaka, ni hatari kwa namna nyingine. Rangi haitaharibika, lakini samaki na nazi ni watu wa sauti ndogo. Changu mbichi aliyetoka majini asubuhi akipakwa tui lenye karafuu na mdalasini, humsikii tena samaki. Hapa ushauri wangu ni kuacha mchanganyiko wote na kurudi kwenye viungo kimoja kimoja: kwa tui la nazi moja kubwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiko kimoja cha giligilani ya unga, nusu ya bizari nyembamba, thomu, tangawizi mbichi, pilipili mbichi nzima na ndimu au ukwaju. Hiyo ndiyo bizari ya mchuzi bila uwatu wala vumbi la kopo, na kusema kweli naipenda kuliko ya kopo. Vikaange na kitunguu au uvipike ndani ya tui jepesi mpaka ubichi uondoke, tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo. Manjano yasiyopikwa huacha ladha mbichi, na tui zito likichemshwa kwa nguvu hukatika. Ukilazimika kutumia viungo vya pilau, viwe robo ya kijiko, na viwe kwenye mchuzi wa nyama, kuku au mbaazi. Samaki mwache.

Biriani inasamehe zaidi kuliko pilau, kwa sababu mchuzi wake una nyanya, mtindi, vitunguu vya kukaanga na papai bichi la kulainisha nyama. Vitu vyote hivyo vina nguvu ya kubeba tofauti. Viungo vya pilau vinaweza kuwa msingi wa biriani: vijiko viwili vya chai, uongeze kijiko kimoja cha giligilani, pilipili nyekundu kwa kadiri ya nyumba yako, nusu kijiko cha manjano na kungumanga ya kukwangua. Basbasi ukiwa nayo, bora zaidi. Kinyume chake, pakiti ya biriani kwenye pilau, nimeshasema kuhusu chumvi na wekundu. Ukiitumia, usitie chumvi nyingine mpaka uonje supu.

Kwenye biriani hiyo hiyo kuna badiliko jingine ambalo watu hulifanya bila kulipanga, nalo ni manjano mahali pa zafarani. Zafarani ni ghali, hilo halina mjadala. Lakini rangi ya zafarani huyeyuka kwenye maji, ndiyo maana hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu au maji ya waridi na kunyunyizwa juu ya wali. Manjano ukiyafanya hivyo hutuama chini ya kikombe na kuacha madoa ya vumbi juu ya wali. Yakaange sekunde chache kwenye kijiko cha samli, kisha samli hiyo ndiyo uinyunyize. Rangi utaipata. Harufu ya zafarani hutaipata kwa njia yoyote, kwa hiyo zidisha iliki kidogo na maji ya waridi, na uiache hiyo harufu nyingine iwe ya biriani yako.

Mahamri ni ya iliki. Siku iliki imepanda bei, mtu hutazama kopo la masala ya chai na kujiambia kuwa iliki imo humo. Imo, lakini imetanguliwa na tangawizi na imefuatwa na pilipili manga, na mahamri yenye tui la nazi yakikaangwa na vitu hivyo huwasha kooni kwa namna isiyotarajiwa asubuhi na mbaazi. Nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya unga hustahimilika. Zaidi ya hapo, tia mdalasini mtupu au kungumanga kidogo. Kimoja safi kinachojulikana ni bora kuliko sita zinazogombana kwenye andazi. Lakini masala hiyo hiyo ya chai, ukiiongezea bizari nyembamba na giligilani kwa wingi, inaweza kusimama mahali pa garam masala kwenye nyama ya kukaanga, na wala hutajuta. Tangawizi na nyama ni ndugu wa siku nyingi.

Kuna wanaobadilisha kopo la zamani kwa kuzidisha kiasi, nalo hilo ni badiliko la namna yake. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu mwaka mzima, na viungo vilivyosagwa vikiachwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya jiko havina maisha. Kinachokimbia ni harufu. Kinachobaki ni vile visivyoruka hewani: ukali wa pilipili manga, uwashaji wa pilipili nyekundu, rangi ya manjano, uchungu wa uwatu. Kwa hiyo ukitia vijiko viwili vya unga mzee mahali pa kimoja, hurudishi harufu maradufu. Unatia uchungu na ukali maradufu juu ya harufu iliyokwisha. Kwa kopo la namna hiyo, weka kiasi cha kawaida na uongeze kiungo kimoja kibichi kinachoongoza chakula hicho: bizari nyembamba mpya iliyokaangwa kavu na kutwangwa kwenye kinu kwa pilau, giligilani kwa mchuzi, iliki kwa mahamri. Kununua vizima na kutwanga kidogo kidogo huondoa shida hii yote, na chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana husaidia zaidi ya mfuko wowote.

Unapobadilisha kwa mara ya kwanza, usifanye hivyo kwenye sufuria la hitima wala la wageni wa Maulidi. Chukua kikombe kimoja cha mchele au kipande kimoja cha nyama, pima viungo kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, na uandike ulichotia. Unga peke yake ukiuramba unadanganya, kwa sababu haujakutana na mafuta, chumvi wala moto. Onja chakula kikiwa kimeiva na kimepoa kidogo, kisha uamue kuhusu kilo nzima.